Rinda ya Kukamua

Ng'ombe yetu hakuwa na shida na mtu yeyote kwa hii dunia, bora tu huyo mtu awe bibi yangu. Sisi wengine wote alikuwa anaturusha. Siku ya kwanza mimi kushika kiwele yake, alinipiga teke moja nikapaa, nikapita mabati, nikapita miti ya blugamu, nikaona mji wa Turbo wote, nikaona malori yamejipanga yanaenda Uganda, na dereva mmoja akanipungia mkono. Kurudi chini nikapata ndoo imefika kwa jirani na ng'ombe anatafuna nyasi kama mtu hajafanya kitu.

Bibi yangu angekuwa hapo angesema, "Mzee, punguza. Ulianguka tu kwa mavi."

Na ukweli nilianguka kwa mavi. Lakini hapo kwa boma hakukuwa na mtu wa kunipunguzia. Yeye alikuwa Kimumu, huko Eldoret, kwa msichana wetu mkubwa, anangoja dawa ya kansa.

Ilianza na kauvimbe kadogo kwa titi, upande wa mkono wa kulia. Alikaa nako akidhani ni kazi, kwa sababu huo mkono ndio alikuwa anakamulia, ndio alikuwa anapasulia kuni, ndio alikuwa ananitishia nao. Tulipofika hospitali Eldoret wakakapima, wakakatoboa na sindano, wakatuita tena. Daktari akatuambia ni kansa. Akasema kwanza ni kemo, ile dawa ya dripu, halafu upasuaji, halafu wataangalia. Halafu akasema hiyo dawa inamaliza nguvu ya damu, kwa hivyo mama akae mbali na mavi ya ng'ombe, mbali na vumbi, na mbali na watu wanakohoa.

Mimi nikamwangalia. Kwetu Chepsaita, ukitoa mavi ya ng'ombe, ukatoa vumbi, ukatoa watu wanakohoa, unabaki na kanisa na mbwa moja. Na hata huyo mbwa anakohoa.

Ndio bibi yangu akabaki Kimumu, nyumba iko na sakafu ya tailizi, nyasi hakuna. Mimi nikatakiwa nirudi nyumbani. Alinisindikiza mpaka kwa geti. Nilidhani ataniambia mambo ya kulia, nikawa nimetayarisha uso. Akasema, "Mzee, usiuze ng'ombe yangu."

"Siuzi."

"Na usimwache akauke. Asipokamuliwa vizuri atakauka. Mimi nitarudi kumkamua mwenyewe."

Nikasema, "Utarudi ukute maziwa imejaa mpaka tumechimba bwawa, bata wanaogelea ndani."

"Punguza," akasema. Akafunga geti.

Sasa wewe ambaye hujafuga, nikuambie. Ng'ombe sio mfereji ati unafungua inatoka. Ng'ombe ndiye anaamua. Akikukataa anabana maziwa juu, unavuta chuchu mpaka jasho inatoka kwako, na kwake hakuna kitu. Ukikosa kumtoa yote leo na kesho, anapunguza, halafu anafunga duka. Na mimi shule nilienda siku moja, ikanyesha, nikarudi nyumbani mpaka leo, lakini hesabu ya hiyo ng'ombe niliielewa: nikishindwa kukamua, bibi yangu atarudi apate hakuna kitu ya kurudia. Nikaogopa zaidi ya hapo. Nikaanza kufikiri ati ng'ombe akikauka, yeye pia hatarudi. Najua ni ujinga. Wewe kaa peke yako kwa hiyo nyumba uone kama utafikiria vitu ya akili.

Nikampigia simu. Nikamwambia teke limenipeleka wapi. Akacheka mpaka akaanza kukohoa, halafu akasema, "Nyuma ya mlango ya jikoni kuna rinda yangu ya kukamua. Ile ya maua. Vaa hiyo. Na usioshe."

"Mimi? Nivae rinda?"

"Kwani ng'ombe ataambia nani?"

Kwetu mzee ananunua ng'ombe, anauza ng'ombe, anasifu ng'ombe mpaka wageni wanachoka. Kuvaa rinda kwa sababu ya ng'ombe, hiyo sikuwa nimeona. Lakini nikaitoa kwa msumari. Nguo ilikuwa imekauka vile yeye aliiacha, ngumu kwa magoti, na hapo kwa bega kuna mahali alikuwa anaegemea mbavu za ng'ombe. Nikaingiza kichwa yangu. Mikono ikakwama juu. Nilikaa hapo jikoni nimefungwa kama mahindi kwa gunia, sioni mbele sioni nyuma, na sikutoka haraka, si kwa sababu ilikwama. Ndani ya hiyo giza ya maua ilikuwa ni yeye. Moshi, maziwa, jasho, na yale mafuta anapaka mikono. Nilisimama hapo ndani yake.

Halafu nikavuta, ikararuka kwapa, ikaingia. Nikafunga kitambaa yake kwa kichwa, nikavaa gambuti yangu, nikaenda.

Ng'ombe aliangalia hiyo kitu inakuja. Akanusa bega. Akanusa tumbo, akashangaa kidogo kwa sababu tumbo ilikuwa nyingi. Mimi nikaanza ule wimbo bibi yangu anavumiaga, hauna maneno, ni kuvumia tu kama mtu anatafuta sindano. Sauti yangu inajulikana, ikianza kanisani watu wanatafuta watoto wao. Lakini ng'ombe akapumua, masikio ikalala, na maziwa ikashuka. Ikashuka kabisa. Nilikamua nikilia na kucheka, na povu ikapanda kwa ndoo mpaka magoti.

Hapo ndipo mama mwenye duka akaja kununua maziwa ya chai yake. Huyu ni jirani yetu, watu wao walitoka upande wa Nyandarua zamani, na yeye na bibi yangu ni kama chungu na mfuniko. Aliona maua kutoka mbali, akaona kitambaa, akasikia kuvumia. Akatupa chupa.

"Wewe! Umerudi! Mungu wangu, umerudi na hukuniambia!"

Akaja mbio, leso inafunguka, mikono juu. Nikageuka. Akaona ndevu.

Alikaa chini hapo kwa nyasi ya umande akacheka, akapiga ardhi na kiganja, akaniita jina zote za wanawake wa kwao. Akasema nikipaka mafuta kwa miguu ataniletea bwana. Mimi nikainuka nikatembea kama bibi yangu akienda kanisani, ile ya kurusha kiuno kwa upande, akacheka zaidi. Halafu akafunga leso yake. Akaokota chupa yake. Akasema, "Mzee, nilikuwa nimeamini."

"Hata mimi," nikamwambia.

Basi ikawa ndio kazi. Asubuhi rinda, jioni rinda. Kila nikienda Kimumu kumwona namwambia habari ya ng'ombe kwanza, ndio aulize zingine. Alikuwa anakaa kwa kochi amefunikwa blanketi, midomo imekauka, chakula inamkataa, hata chai ya msichana wake anasema ina ladha ya msumari. Nywele ilikuwa imeanza kuanguka. Lakini nikimwambia ng'ombe amejaza ndoo, anakaa wima kidogo, ananiuliza kama nimemkamua mpaka mwisho, kama nimempanguza na maji moto, kama chuchu ya nyuma bado ni ngumu. Hiyo dakika ni yeye kabisa.

Shida ikaja polepole. Rinda ikaanza kunuka mimi. Mtu wa saizi yangu akikaa kwa nguo, hiyo nguo haina haki yake tena. Siku moja ng'ombe akanusa bega, akaniangalia kwa macho, kama askari ameangalia kitambulisho na uso haufanani. Akabana.

Nikaenda Kimumu nikaomba kitambaa ya kichwa, ile bibi yangu amelala nayo. Msichana wetu ni mtoto mzuri. Amefundishwa na hospitali kwamba usafi ndio uhai, na yeye ameshika hiyo kama dini, anapiga deki mpaka kuku wa jirani wanateleza. Akaniletea kitambaa imeoshwa, imepigwa pasi, imekunjwa kona nne, inanuka sabuni ya maua. Nilibeba hiyo kitu mpaka Chepsaita kwa heshima. Ng'ombe akanusa, akapiga chafya moja, mimi na ndoo tukaoga.

Nilipomwambia bibi yangu kwa simu, akasema, "Huyo mtoto ataniosha mpaka nipotee."

Kutoka hapo tukawa wezi. Yeye alikuwa anaficha kitambaa chini ya godoro, msichana akienda jikoni ananipitishia haraka, mimi naweka ndani ya shati kama mtu anauza chang'aa.

"Iko na jasho?" nauliza.

"Ya usiku mbili. Ile dawa inanifanya natoka jasho kama wewe ukifanya kazi. Hapana, wewe hufanyi kazi. Kama mtu mwingine."

"Na msichana akiuliza?"

"Mwambie baba yake amezeeka, anaiba vitambaa."

Wakati mwingine ndani kulikuwa na nywele. Nyeusi kidogo, nyeupe nyingi. Nilikuwa nazitoa moja moja kabla nifunge kichwa, naweka kwa ufa ya ukuta jikoni, sijui kwa nini. Na nikuambie kitu sikuambia hata yeye: nilikuwa nanusa kwanza mimi. Ng'ombe alikuwa anangoja zamu yake.

Dawa ilipoendelea, harufu yenyewe ikageuka. Kitambaa ikaanza kunuka kama sarafu umeshika kwa mkono siku nzima, na kitu ingine chungu, ya hospitali. Nilinusa nikatafuta, nikatafuta tena kwa ile kona ya shingo. Nikampelekea ng'ombe nikiwa na matumaini ati pua yake ni kubwa kushinda yangu. Akanusa muda mrefu. Akarudi nyuma hatua. Halafu akageuza kichwa akaangalia njia ya geti, akalia, ile sauti wanatoa ndama akiuzwa.

Nikasema, "Usinianzishie, mimi pia nimechoka."

Nikakaa kwa kistuli hivyo tu, bila kitambaa, na shati yangu ya kawaida, nikaweka kipaji cha uso kwa mbavu zake. Sikuimba. Nikashika chuchu. Na maziwa ikaja.

Kutoka siku hiyo hakuuliza tena rinda. Nilirudisha kwa msumari nyuma ya mlango. Watu wakaniambia, Mzee, hongera, umeshinda ng'ombe mwenye kiburi kushinda wote Uasin Gishu. Mimi nikasema ndio, hata nyati wakisikia nakuja wanapanga laini. Lakini nilikuwa nikimaliza kukamua nafika hapo jikoni, naona hiyo rinda imening'inia haina kazi, na chakula inanishinda.

Halafu ikafika upasuaji. Walimtoa titi lote, na vitu fulani kwa kwapa. Niliingia wodi saa ya kuona wagonjwa na uji kwa chupa, nikamkuta amelala bapa, mdogo, na kamrija kanatoka ubavuni kanashusha maji mekundu kwa chupa. Alifungua macho.

"Anakamuliwa?"

"Anakamuliwa mpaka anaomba likizo."

"Bado unavaa rinda?"

Sasa hapo ningesema ukweli, kwamba ng'ombe amenikubali bila rinda. Nikaona macho yake. Nikasema, "Bado. Juzi nimeenda nayo mpaka dukani kwa kusahau, mzee moja akaniuliza kama nimeolewa."

Alicheka akashika kifua. "Usinichekeshe, nyuzi zitakatika." Mama wa kitanda ya pili akauliza ni rinda gani, nikaeleza, yule wa dirishani akasema rudia sijasikia, nikarudia na kuongeza teke, na sasa nikipaa nilipita mpaka mnara wa simu. Sista akaingia.

"Mzee, hapa ni wodi ama harusi?"

"Sista, mimi natoa dawa tu."

"Basi toa kwa dozi ndogo. Watu hapa wana nyuzi."

Alipotoka bibi yangu akashika shuka, akainua kidogo, tuone wawili tu. Bandeji ilikuwa tambarare. Akasema polepole, "Sasa mimi ni kama ile ng'ombe ya mama yako. Ya chuchu tatu."

Maisha yangu yote, hata mazishini, mdomo yangu haijawahi kukosa kitu. Hapo ilikosa. Nilishika mguu yake juu ya shuka. Yeye ndiye akaniokoa. "Na ilikuwa inatoa maziwa," akasema. "Si ilikuwa inatoa?"

"Ilikuwa inatoa."

Siku ya kutoka, sista alimfundisha mambo ya mkono. Huo mkono wa kulia usibebe ndoo, usikatwe, usifinye kitu kwa nguvu, unaweza kufura. Kila siku asimame karibu na ukuta, vidole vipande juu kama buibui, polepole, mpaka bega ifunguke.

"Na kukamua?" bibi yangu akauliza.

"Mama, kwa sasa hapana."

"Sijauliza kwa sasa."

Sista akatabasamu. "Urudi kliniki, daktari akuangalie. Polepole."

Tulirudi Chepsaita damu yake ikiwa imepata nguvu, daktari akakubali. Mama mwenye duka alikuwa kwa geti na chapati, lakini bibi yangu alimpita, akapita nyumba, akaenda moja kwa moja kwa boma na nguo zake nzuri za safari. Mimi nyuma yake. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nikadhani majirani watatoka.

Ng'ombe aliinua kichwa. Bibi yangu akanyoosha mkono wa kushoto, akamwita vile anamwitaga. Ng'ombe akanusa vidole, akanusa kifua upande moja, upande mwingine. Akasonga kando. Bibi yangu akakaa kwa kistuli, akashika chuchu na mkono moja, akavumia. Tulingoja. Ng'ombe akabana, akapiga mkia.

"Ananiona mgeni," akasema.

"Ni hiyo harufu ya hospitali. Itatoka. Kesho yeye mwenyewe atakuja kugonga mlango."

"Kamua wewe."

"Mimi ananipiga, unajua ananipiga."

"Mzee. Kamua."

Alikuwa amejua uongo wangu. Nikakaa. Nikagusa tu, na maziwa ikashuka kwa ndoo na kelele yote, siwezi hata kuificha. Yeye alisimama ameshika nguzo akiangalia mpaka mwisho. Halafu akasema nimkamue vizuri ile ya nyuma, akaenda nyumbani. Sijawahi kuchukia maziwa kama siku hiyo.

Nilijaribu kumfanya ng'ombe anisahau. Nilijipaka mafuta ya taa. Nilikula vitunguu mbichi nikampumulia. Nikamtukana mama yake na nyanya yake. Ilikuwa bure, alinipenda tu. Na bibi yangu hakuja tena kwa boma. Alikuwa anasimama jikoni kwa ukuta, amekunja uso, vidole vinapanda, vinashuka. Usiku wa kwanza kitandani, baada ya miezi hiyo yote, nilikuwa nimemkumbuka mpaka mifupa, na sasa yuko hapa pumzi yake inanigusa, na bado nilikuwa namkumbuka. Hiyo mimi sina hadithi yake.

Huyo ng'ombe alikuwa na mtoto, mtamba, msichana hajazaa bado, lakini tumbo ilikuwa imefika. Mwoga, hakuna mtu alikuwa amemgusa vizuri, kwa sababu mwenye kugusa alikuwa Kimumu. Asubuhi moja natoka na ndoo, nikapata bibi yangu ameingia kwake. Amesimama karibu na ubavu, mkono wa kulia, na vidole vinapanda kama buibui. Vinapanda kwa mbavu, vinafika mahali panauma, vinapumzika. Mtamba anatetemeka ngozi. Vinapanda tena.

"Ukuta ni baridi," akaniambia bila kugeuka. "Huyu ana joto."

Akawa anafanya hivyo kila siku. Mtamba akazoea, mwishowe akawa anaegemea. Bega ya bibi yangu ikafunguka mpaka vidole vikafika mgongoni, upande ule mwingine. Kliniki, daktari akamwambia ajaribu kidogo, akamulie mkono wa kushoto, ule wa kulia usaidie tu, ukifura aache. Alitoka hapo akitembea mbele yangu.

Mtamba alizaa ndama jike mchana, jua limesimama. Ilipofika wakati wa kumkamua, nilishika kamba kichwani ili asirushe teke.

"Wewe toka," bibi yangu akasema.

"Atakupiga! Huyu damu ni ya mama yake, utapaa uone Uganda."

"Toka, Mzee. Unamchanganya na harufu yako."

Basi nikatoka. Nikasimama nje ya ua, upande wa mama ng'ombe, naye akaja akasimama karibu yangu, kichwa kwa mbao. Ndani kulikuwa kimya. Halafu nikasikia maziwa inapiga ndoo, moja. Ikangoja. Ikapiga tena. Zamani, bibi yangu na mikono yake miwili, ilikuwa ni mvua kubwa kwa mabati, ulikuwa hupati nafasi ya kuingiza neno katikati. Sasa ilikuwa tone, na nafasi, na tone, na katika hiyo nafasi nilisikia anapumua.

Huyo mtamba hakujua kama kuna mlio mwingine. Kwake huyu ndiye mama, na mkono wake moja hivyo hivyo, na alisimama wima, hakurusha hata mkia. Mimi na huyu mama ng'ombe ndio tulijua ile mvua. Tulisimama hapo wawili, tukasikiliza mpaka akamaliza.